Mtoto anayezama hapigi kelele: Somo kutoka Sète, mji wa mifereji Ufaransa

Ukitoka kituo cha treni cha Sète, kusini mwa Ufaransa, ukielekea katikati ya mji, hutembei muda mrefu kabla ya kuvuka daraja la kwanza. Ukiendelea mbele utavuka jingine. Chini ya madaraja hayo kuna maji yanayokwenda na kurudi kati ya bahari na ziwa la chumvi, na pembeni mwake kuna migahawa, maduka, nyumba za ghorofa na watu wanaoendelea na shughuli zao za kila siku.

Sehemu kubwa ya kingo za mifereji hiyo haina uzio. Ni vigumu kuuweka, kwa sababu hapo ndipo mashua za uvuvi na boti za watalii hufungwa, mizigo hushushwa na abiria hupanda. Mtoto akiteleza hatua mbili tu, yuko majini.

Kwa mzazi yeyote, swali linakuja lenyewe: mtoto analelewaje mahali ambapo maji yako mlangoni?

Jibu halipo kwenye ukuta wala kamba. Lipo kwenye mambo manne yanayofanya kazi pamoja: shule, mchezo, sheria na jicho la mtu mzima. Kila moja lina la kumfundisha mzazi anayeishi mbali kabisa na Ufaransa, awe karibu na bahari, ziwa, mto, kisima, au ana pipa la maji tu uani kwake.

MJI ULIOZALIWA NA MAJI

Sète umekaa kwenye kipande chembamba cha ardhi, takriban kilomita 30 kusini magharibi mwa jiji la Montpellier. Upande mmoja kuna Bahari ya Mediterania. Upande mwingine kuna Thau, ziwa la maji ya chumvi lenye ukubwa wa hekta zipatazo 7,500. Katikati umesimama mlima Saint-Clair, ambao ukiupanda unaona maji pande zote.

Mji huu ulianzishwa rasmi mwaka 1666, enzi za Mfalme Louis XIV. Ufaransa ilitaka njia ya maji ya kuunganisha Mediterania na Atlantiki, ili mizigo isilazimike kuizunguka Hispania yote kwa meli. Kazi hiyo aliibeba Pierre-Paul Riquet, mkusanya kodi ya chumvi aliyesimamia kuchimbwa kwa Canal du Midi, mfereji wenye urefu wa takriban kilomita 240 kutoka Toulouse hadi ziwa la Thau.

Mfereji mkubwa ulihitaji bandari ya kutokea baharini, na Sète ikachaguliwa. Jiwe la kwanza la bandari liliwekwa Julai 29, 1666. Riquet mwenyewe hakuuona mwisho wa kazi yake. Alifariki mwaka 1680, miezi michache kabla ya mfereji kufunguliwa mwaka 1681. Leo Canal du Midi umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1996.

Ili meli na mashua zifike baharini kutoka ziwani, mji wenyewe ulikatwa na mifereji. Maarufu zaidi ni Canal Royal, unaopita katikati ya mji. Ndiyo sababu watu wengi huuita Sète Venice ya Languedoc, wakiulinganisha na ule mji wa Italia.

Maji ya mifereji hii yanaonekana yametulia, lakini hayatuami. Mediterania haina kupwa na kujaa kukubwa kama Bahari ya Hindi, hivyo upepo ndio unaoamua mambo. Ukivuma kwa nguvu unasukuma maji ya ziwa kuelekea baharini au kuyarudisha, na mkondo ndani ya mfereji unakuwa mkali. Ongeza mashua zinazopita, kuta za mawe zinazoteleza na maji ya baridi miezi ya kipupwe, utaelewa kwa nini hata mtu mzima anayejua kuogelea anaweza kushindwa kutoka pale alipoangukia.

Hata hivyo, watu wa Sète hawayakimbii maji. Mji huu ni miongoni mwa bandari kuu za uvuvi za Ufaransa upande wa Mediterania. Katika ziwa la Thau wafugaji wa chaza hutundika chaza kwenye kamba zinazoning'inia majini hadi wakomae. Msimu wa mapukutiko, samaki aina ya dorade wanapotoka ziwani kurudi baharini kupitia mifereji, wavuvi wa ndoano hujipanga kwenye kingo, mmoja karibu na mwenzake.

WATOTO WANAOJIFUNZA KUANGUKA MAJINI

Mchezo mkubwa wa Sète unaitwa joutes. Ni pambano la mikuki juu ya mashua.

Mashua mbili, moja nyekundu na nyingine ya bluu, hupigwa makasia zikikimbiliana. Nyuma ya kila mashua kuna ngazi ndefu iliyoinuka, na juu yake kibao kidogo kilicho takriban mita tatu kutoka kwenye maji. Mpiganaji husimama pale akiwa amevaa nguo nyeupe, mkono mmoja ngao ya mbao, mwingine mkuki mrefu. Mashua zinapopishana kila mmoja hulenga ngao ya mwenzake. Anayepoteza mizani huangukia mfereji, umati unashangilia, zumari na ngoma zinaendelea.

Kwa desturi ya zamani, mashua ya bluu ilikuwa ya vijana wasiooa na nyekundu ya waume wa watu.

Historia ya mji inasema mchezo huu ulichezwa siku ileile ya kuzindua bandari mwaka 1666. Shindano kubwa kuliko yote, la Saint-Louis, hufanyika kila Agosti katika Canal Royal na hujaza kingo zote za mfereji.

Kwa mzazi, jambo la kuangalia hapa ni jinsi mtoto anavyoandaliwa. Mtoto hapandishwi juu ya ngazi ile moja kwa moja. Katika shule za mchezo huo, wadogo huanza nchi kavu, wakisimama juu ya kigari chenye magurudumu kinachosukumwa na wenzao. Hapo hujifunza kusimama imara, kushika ngao na mkuki, na kukubali kuanguka. Baadaye huingia majini kulingana na umri, rika kwa rika.

Mchezo ambao mshindwa lazima aangukie mferejini hauwezi kuchezwa na mtu anayeogopa maji au asiyejua kutoka humo. Kwa hiyo mtoto anayetamani kuvaa zile nguo nyeupe ana sababu yake mwenyewe ya kujifunza kuogelea, bila kusukumwa na mama wala baba. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Lakini mtoto hukunjika vizuri zaidi akiwa anafurahia.

HATARI HAIKO PALE MACHO YANAPOANGALIA

Ukisimama kwenye daraja la Sète na mtoto wa miaka mitatu, moyo wako utakuwa kwenye mfereji. Utamshika mkono. Utamkaripia akisogea ukingoni.

Takwimu za Ufaransa zinaonyesha kwamba kwa mtoto wa umri huo hatari kubwa iko kwingine. Kwa mujibu wa taasisi ya afya ya umma ya nchi hiyo, Santé publique France, takriban watu 1,000 hufa maji kwa ajali kila mwaka. Kwa watoto walio chini ya miaka sita, mahali panapojirudia zaidi ni bwawa la kuogelea la nyumbani kwa familia.

Sababu yake inaeleweka. Kwenye mfereji mzazi anajua yuko hatarini, macho hayatoki kwa mtoto. Nyumbani ameshapumzika. Mmoja yuko jikoni, mwingine anapokea wageni, dada anadhani mtoto yuko na bibi, bibi anadhani yuko na dada. Mtoto anatoka mlango wa nyuma peke yake.

Ufaransa ililiona hilo na kutunga sheria Januari 3, 2003. Sheria hiyo inamtaka mwenye bwawa la kuogelea lililochimbwa ardhini nyumbani kwake aweke angalau kinga moja kati ya nne: uzio wenye geti ambalo mtoto mdogo hawezi kulifungua, king'ora kinacholia mtu akiangukia majini, kifuniko imara, au banda linalofunika bwawa lote. Mabwawa mapya yalianza kubanwa na sheria hiyo mwaka 2004 na ya zamani mwaka 2006. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi euro 45,000.

Sheria hiyo haikupiga marufuku mabwawa wala haikuwaambia wazazi wawe makini zaidi tu. Ilikubali kwamba kila mzazi, hata aliye bora, kuna dakika atapitiwa. Kinga imewekwa kwa ajili ya dakika hiyo.

MFA MAJI HUYU HATAPITAPI

Kiswahili kina methali inayosema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa maana yake ya mafumbo, methali hiyo ni kweli. Kwa mtoto aliye majini inaweza kumponza mzazi.

Wazazi wengi wanasubiri kusikia maji yakipigwa, mikono ikipungwa na sauti ikiita mama. Mara nyingi hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Mtu anayezama kweli anahitaji pumzi kwanza kabla ya sauti. Kinywa chake kinaibuka juu ya maji kwa muda mfupi sana, unaotosha kuvuta hewa kidogo tu. Mikono yake inasukuma maji chini na pembeni ili imwinue, hivyo hawezi kupunga. Mwili unasimama wima, kichwa kimelala nyuma, macho yametoka au yamefunikwa na nywele. Kwa mtu aliye mbali anaonekana kama anacheza.

Hali hiyo kwa kawaida haidumu hata dakika moja kabla hajazama kabisa. Mtoto mdogo anaweza asipitie hata hatua hizo. Anaingia na kwenda chini moja kwa moja. Akikosa hewa kwa dakika chache, ubongo unaanza kuumia, na madhara yake yanaweza kubaki maisha yote hata akiokolewa.

Kuna sababu nyingine inayowahusu walio chini ya miaka minne. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kuchungulia ndoo, kichwa kinamvuta. Akishaingia kichwa chini miguu juu, hana nguvu ya mikono ya kujitoa. Ndiyo maana ndoo yenye maji ya kina cha sentimita chache tu inaweza kumuua.

Kwa hiyo watoto wakiwa majini au karibu na maji, ukimya ndio unaopaswa kumshtua mzazi. Mtoto aliyekuwa anapiga kelele akinyamaza ghafla, inuka uangalie.

KUOGELEA KAMA KUSOMA NA KUHESABU

Nchini Ufaransa kuogelea kumo ndani ya mtaala wa shule. Wanafunzi hupelekwa kwenye mabwawa ya umma wakiwa na walimu, na kuna mtihani wa vitendo unaowapa cheti cha kujua kuogelea kwa usalama.

Mtihani wenyewe haupimi kasi. Mtoto anaanza kwa kuangukia majini kinyumenyume kutoka ukingoni, kama mtu aliyeteleza. Anapita chini ya kizuizi akiwa amezama mwili mzima kwa umbali wa mita moja na nusu. Anaogelea mita 15 kifudifudi, na njiani anasimama wima majini kwa sekunde 15 bila kushika kitu. Anageuka bila kugusa ukingo, anarudi mita 15 kichalichali, na hapo pia anaelea chali kwa sekunde 15. Kisha anapita tena chini ya kizuizi na kurejea alikoanzia. Miwani ya kuogelea hairuhusiwi.

Kila hatua ina maana yake. Kuanguka kinyumenyume ni kwa sababu ajali haimpi mtu nafasi ya kujipanga. Kupita chini ya kizuizi ni kwa ajili ya mashua au kamba iliyo juu. Kuelea ni kwa ajili ya kusubiri msaada. Bila miwani ni kwa sababu anayeangukia mferejini hatakuwa nayo. Ukiutazama mtihani huo ukiwa umesimama kwenye ukingo wa Canal Royal, unaona umetungwa kwa ajili ya mahali kama pale.

Kwa wadogo wa miaka minne hadi sita, serikali ilianzisha mwaka 2019 mpango wa kuwazoeza maji, chini ya Roxana Maracineanu, waziri wa michezo wa wakati huo ambaye mwenyewe aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa kuogelea. Lengo ni mtoto aingie majini, azamishe kichwa, aelee, asogee na kutoka mwenyewe.

Wataalamu wanasisitiza jambo moja ambalo mzazi hapaswi kulisahau: mtoto aliyezoea maji bado ni wa kuangaliwa. Mafunzo yanapunguza hatari, hayaiondoi. Mtoto wa miaka mitano anayejua kuelea kwenye bwawa lenye maji ya uvuguvugu anaweza kusahau kila kitu akiangukia maji ya baridi akiwa amevaa viatu na sweta.

TUKIRUDI NYUMBANI

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa kila vifo 10, tisa hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kiwango cha vifo kwa idadi ya watu kiko juu zaidi katika kanda ya Afrika.

Ufaransa ina mabwawa ya umma na walimu wa kuogelea. Familia nyingi Afrika Mashariki hazina. Lakini ukiichambua orodha ya hatua zinazopendekezwa na WHO, nyingi hazihitaji bwawa la kuogelea. Shirika hilo linataka maji yazuiwe kwa uzio au vifuniko, watoto ambao hawajaanza shule wawe na mahali salama pa kukaa chini ya uangalizi, watoto wa shule wafundishwe kuogelea na usalama wa majini, watu wa kawaida wafundishwe kuokoa na kuhuisha, vyombo vya majini visimamiwe, na jamii zijiandae kwa mafuriko.

Kwa mtoto chini ya miaka mitano, bwawa la nyumbani la Mfaransa ni sawa na vitu hivi kwetu: ndoo ya kufulia, beseni la kuogea, pipa, kisima kisicho na mfuniko, shimo la maji la mafundi ujenzi, karo, mtaro wakati wa mvua na dimbwi lililochimbwa kwa ajili ya kumwagilia bustani. Hivyo vyote viko ndani ya hatua chache kutoka mlangoni.

Zipo pia juhudi za kufundisha kuogelea zilizofanikiwa hapa hapa. Kaskazini mwa Unguja, Zanzibar, mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea na kuokoa wengine, wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima ili wasivunje maadili ya dini na jamii yao. Picha za mafunzo hayo zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Kisiwani, ambako maji yako kila upande, wasichana wengi walikuwa wanakua bila kujua kuogelea. Kilichobadilisha mambo ni nguo inayokubalika na mwalimu wa kike.

HATUA ZA KUCHUKUA LEO

Mwaga maji. Ndoo, beseni na karai visivyotumika vibaki vitupu na vimeinamishwa. Pipa liwe na mfuniko mzito unaofungwa, si kipande cha bati kilichoegeshwa.

Funga njia. Kama kisima au dimbwi haviwezi kufunikwa, zuia mtoto asifike. Mlango wenye komeo la juu au geti la mbao hutosha kukununulia dakika unazozihitaji.

Kaa umbali wa mkono. Mtoto chini ya miaka mitano akiwa majini au kando ya maji, awe mahali ambapo ukinyoosha mkono unamgusa. Kumwona kutoka kibarazani hakutoshi.

Weka simu kando. Ujumbe mmoja kuusoma na kuujibu unachukua muda uleule mtoto anaohitaji kuzama.

Taja mlinzi kwa jina. Kwenye sherehe, pikiniki au siku ya ufukweni, watu wazima wakiwa wengi kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Mkabidhi mtu mmoja kazi hiyo kwa muda unaojulikana, kisha abadilishwe. Asiwe mtoto wa miaka minane aliyeachiwa mdogo wake.

Mvalishe jaketi la kujiokolea anapopanda mashua, boti au ngalawa, hata kama safari ni fupi. Maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea, hayaokoi.

Kwa familia zinazoishi Ulaya na zinazopanga likizo kwenye pwani kama ya Sète, chagua ufukwe wenye waokoaji na heshimu bendera: ya kijani inaruhusu kuogelea, ya njano inaonya, nyekundu inakataza. Na ukimpeleka mtoto kuona chaza wa Thau, kumbuka kwamba wataalamu wa Ufaransa huwashauri wajawazito na watoto wadogo wasile chaza wabichi. Kipupwe cha mwaka 2019 kuamkia 2020, uuzaji wa chaza wa ziwa hilo ulisitishwa baada ya kugundulika virusi vinavyosababisha kutapika na kuhara. Kwa mtoto, tielle, mkate wa pweza na nyanya ulioletwa Sète na wahamiaji wa Kiitaliano, ni chakula salama zaidi kwa sababu kimepikwa.

AKIWA AMEZAMA TAYARI

Usirukie majini bila kufikiri. Watu wengi hufa wakijaribu kuokoa. Piga kelele kuita msaada, nyoosha fimbo, kanga au kamba, au rusha kitu kinachoelea kama dumu tupu lililofungwa mfuniko.

Akishatolewa, mlaze chali mahali pagumu na uangalie kama anapumua. Usimning'inize kichwa chini na usimkandamize tumbo ili atapike maji. Unapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Kama hapumui, inua kidevu chake kidogo, mbane pua, weka kinywa chako juu ya chake na mpulizie pumzi tano, ukiangalia kifua kikipanda. Kwa mtoto mchanga, kinywa chako kifunike pua na mdomo wake kwa pamoja. Asipoonyesha dalili za uhai, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya karibu mara mbili kwa sekunde, kifua kikididimia theluthi moja ya kina chake. Kisha pumzi mbili, halafu 30 tena. Endelea bila kuacha hadi apumue au msaada ufike.

Tuma mtu mwingine apige simu wakati wewe unaendelea. Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114 na namba ya dharura ni 112. Kenya ni 999 au 112. Ufaransa na nchi za Umoja wa Ulaya ni 112, na kwa ajali za baharini nchini Ufaransa ni 196.

Mtoto akizinduka, apelekwe hospitali hata kama anaongea na kucheka. Maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye. Akianza kukohoa mfululizo, kupumua haraka, kulegea au midomo kubadilika rangi, usisubiri asubuhi.

Mafunzo ya huduma ya kwanza hutolewa na vyama vya Msalaba Mwekundu nchini Tanzania na Kenya. Mzazi mmoja, dada wa kazi na mtoto mkubwa wa nyumbani wakijua hatua hizi, kuna mtu wa kuanza kazi kabla gari la wagonjwa halijafika.